Halta ya Mkono Mmoja

Siku ya kuniaga mlinipa mwavuli, blanketi, na keki yenye jina langu likiwa limepungua herufi moja, kisha mkanitaka niseme machache. Nilisema asante nikakaa. Kesho yake Wekesa, aliyechukua ufunguo wa stoo baada yangu, alinipigia simu akauliza zile halta ndogo nilizotundika nyuma ya mlango ni za nini, azitupe ama aziache. Usizitupe, Wekesa. Wewe na wenzako wote mnaobaki na farasi, ketini niwaeleze.

Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja tu, na nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alirudi kwao Nyeri. Nitasema habari za halta, ile mikanda ya kichwani anayovishwa farasi ili aongozwe kwa kamba. Haina chuma cha mdomoni kama lijamu. Kamusi huiita hatamu, lakini katika miaka yangu yote sikumsikia mtu akilitamka neno hilo zizini, labda mchungaji mmoja aliyekuja kubariki banda jipya.

Nilitoka Vihiga kuja Waithaka kufua nguo, sikuja kutunza farasi. Mwenye nyumba alikuwa Mama Nyambura, na ardhi ile ilikuwa ya ukoo wao tangu babu yake. Majirani walikata mashamba yao wakajenga vyumba vya kupangisha, yeye akabakiza nyasi na farasi sita, na kila Jumamosi watoto wa Lavington na Muthangari waliletwa kujifunza kupanda. Siku yangu ya tatu saisi, yaani mtunza farasi, hakufika kazini. Mama Nyambura alinikuta kwenye karai la nguo.

"Jerida, umewahi kukamua ng'ombe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kuja ushike huyu."

Nilimshika. Farasi aliukanyaga mguu wangu wa kushoto, halafu akausahau pale chini ya kwato, akawa anaangalia mbali kama mtu anayesubiri basi. Sikupiga kelele, maana niliogopa kumshtua. Nafikiri hilo ndilo lililompendeza Mama Nyambura. Nguo zikapata mtu mwingine, nami sikurudi kwenye karai.

Mikanda ilipokatika tuliipeleka Kabiria kwa Mzee Kinuthia, fundi wa ngozi, aliyekuwa na kibanda nyuma ya posho mill. Alishona viatu, mikoba, mikanda ya punda wa mikokoteni, na matandiko ya farasi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama mtu anayekukopesha. Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Mama Nyambura alipoona nakawia kila nikitumwa, aliamua afadhali nikawie nikijifunza, akamwomba anifundishe.

Halta yangu ya kwanza niliishona kwa wiki mbili. Niliipeleka kibandani nikiwa na furaha ya mtu aliyezaa. Mzee Kinuthia aliigeuza mara moja tu.

"Vaa," akaniambia.

"Nivae nini, Mzee?"

"Hiyo. Si ni wewe umeshona?"

Alinivisha kichwani, akaipitisha juu ya pua, akaikaza nyuma ya masikio, kisha akanipa kipande cha mahindi ya kuchemsha. "Tafuna." Nilijaribu. Taya halikufunguka, na mshono ulikuwa unanikwaruza shavu kama ukucha. Watu waliokuja kusaga unga walikuwa wamejaa nje, wakicheka mpaka mmoja akamwaga mahindi yake. Mzee Kinuthia hakucheka.

"Farasi wako alitaka kukuambia hivyo," akasema, "lakini Kiswahili hana."

Hilo ndilo somo la kwanza, nami sijaona linalolipita. Kila halta niliyoishona tangu siku hiyo nimeivaa kwanza. Zile ndogo sana nilizivaa mkononi, nikakunja ngumi kuwa taya. Mkanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka zaidi utalala pale ambapo mfupa wa pua umekuwa mwembamba, na kwa mtoto wa farasi mahali hapo ni laini kama sikio la binadamu. Kati ya mkanda na ngozi vidole viwili viingie bila kusukuma. Chuma chochote kisikae juu ya mfupa. Mishono iangalie nje. Na mtoto anakua, kwa hiyo pima tena kila Jumatatu, hata kama Jumatatu iliyopita ilikuwa sawa.

Somo la pili sipendi kulisimulia, lakini nalo ni lenu.

Tulikuwa na mwana wa farasi aliyeitwa Radi, mwekundu, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Nilimnunulia halta ya nailoni ya samawati katika duka la mjini. Ilikuwa nzuri, haiozi, haikatiki, na nilisifiwa. Radi alikuwa msumbufu kumshika, kwa hiyo asubuhi moja nilimwachia halta yake malishoni ili jioni nisihangaike. Farasi mdogo hujikuna nyuma ya sikio kwa mguu wa nyuma, kama mbwa. Kwato lake liliingia ndani ya ule mkanda wa taya likanasa, akaanguka. Nilimkuta mwendo wa saa nne. Shingo ilikuwa imevunjika, na nailoni haikuwa na hata alama.

Nilitembea kwa miguu mpaka Kabiria nikiwa nimeishika halta ile. Mzee Kinuthia hakunigombeza. Alifunga ncha moja kwenye nguzo ya kibanda, akanipa ncha nyingine, tukavuta sote wawili mpaka nguzo ikalia. Haikukatika. Halafu akakata kipande chembamba cha ngozi, upana wa kidole cha mwisho, akakiunga katikati ya mkanda mwingine. Tukavuta. Kikakatika.

"Halta ya mtoto lazima ijue kushindwa," akasema. Kisha akanipikia chai, akakaa nami mpaka nikamaliza kulia.

Kipande hicho tulikiita ulimi. Hukaa juu, nyuma ya masikio, na kazi yake ni kukatika siku mbaya inapofika. Hata kikiwepo, halta haiachwi kichwani wakati hakuna mtu wa kuangalia. Mvishe, mfundishe dakika tano, mvue. Anayekwambia ana haraka mwambie aje aniulize habari za Radi.

Baada ya hapo nilishona halta nyingi, na miaka ikaenda. Nilijua maduka ya ngozi ya River Road kama ninavyojua mifuko ya koti langu. Ngozi unainusa, unaikunja, unaangalia mgongo wake. Ikitoa mistari myeupe irudishe, hata kama muuzaji anakuita mrembo. Kwa ndani niliweka manyoya ya kondoo niliyoyapata Gikomba kwenye majaketi ya mitumba. Watoto walikuja kujifunza kupanda, wakakua, wakaenda zao. Nyambura, binti pekee wa mwenye nyumba, alikua mbele yangu. Nilimpandisha farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na alipokuwa mtu mzima ndiye aliyefundisha watoto wa Jumamosi. Aliniita Anti Jeri.

Halafu ikawa ajali. Alikuwa amepanda gari la rafiki yake, likagongana na lori. Alikaa hospitalini miezi mingi, akarudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, cha aina inayoendeshwa kwa mkono mmoja. Miguu haikufanya kazi tena. Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia ungeweza kushika kitu ukiwekewa, lakini vidole havikuweza kubana wala kuvuta. Chumba chake kilitazama zizi moja kwa moja. Akaomba pazia lifungwe, na likabaki limefungwa.

Mwaka uliofuata familia moja ya Muthangari iliyokuwa ikihama nchi ilimwachia Mama Nyambura farasi wao mdogo, wale farasi wa kimo cha mbuzi mkubwa ambao hawakui zaidi ya hapo hata ukiwalisha namna gani. Jike, rangi ya asali, jina Sukari. Alikuwa mnene mno. Tukashauriwa tumpunguzie majani, tukampunguzia wiki tatu nzima. Kisha asubuhi moja nilifungua banda nikahesabu miguu minane badala ya minne. Tulikuwa tumemnyima chakula mja mzito. Mungu atusamehe, na Sukari pia.

Mtoto alikuwa jike, mkavu tayari, amesimama kwenye nyasi akitetemeka. Mgongo wake haukufika goti langu. Sijui nilifikiria nini. Nilimngoja anyonye ashibe, nikambeba kifuani, nikavuka ua, Sukari akinifuata nyuma akiniita kila jina baya la farasi. Nikagonga dirisha la Nyambura.

Pazia lilikaa kimya. Nikagonga tena. Likasogea.

"Anti, hiyo ni nini?"

"Farasi."

"Wacha mchezo."

"Mama yake ndiye huyu hapa. Muulize."

Alifungua dirisha, akatoa mkono wa kushoto kati ya vyuma. Yule mtoto akanusa vidole, akakichukua kimoja akakinyonya kwa nguvu, kama mtu aliyepata haki yake. Nilisimama pale mpaka mikono yangu ikafa ganzi, wala sikumwambia.

Kesho yake alijisukuma mwenyewe mpaka uani. Mtoto alikuja akasimama kando ya kiti, na kichwa chake kilikuwa sawasawa na mapaja ya Nyambura.

"Hawa wengine wote sasa naona tumbo zao tu," akasema. "Huyu ananitosha."

Ndivyo alivyoitwa Tosha.

Aliniambia anataka kumfundisha yeye mwenyewe, kuanzia halta ya kwanza mpaka mwisho, bila mtu kumshikia. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Alinitazama mimi, hakumtazama mtoto wake. Nikasema tutaona. Nilikuwa nimeshona halta zaidi ya nilizoweza kukumbuka, na sikujua hata moja inayofungwa kwa mkono mmoja.

Siku za mwanzo hatukumvisha ngozi. Nilikata fulana yangu kuukuu, pamba laini, nikafanya kitanzi cha pua tu. Nyambura alimgusa kwanza kwa mkono mtupu, shingo, shavu, pua, halafu kwa kitambaa, halafu kitanzi kikakaa puani muda wa kuhesabu hadi kumi, na kikatoka kabla Tosha hajafikiri kukataa. Mwalimu alikuwa Nyambura. Mimi nilikaa kwenye ndoo nimeipindua, nikiwa na kazi ya kunyamaza.

Kisha tukatafuta halta yenyewe. Ile ya dukani ya watoto wa farasi wa kawaida ilimpita kichwa ikashuka mpaka mabegani, akaondoka nayo kama shanga. Halta ya mbuzi niliyoinunua Kawangware ilibana pua. Farasi hawa wadogo wana paji pana na pua fupi kama kikombe, na hakuna aliyekuwa amewafikiria. Nikapima kwa uzi, nikashona ya ngozi ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, manyoya ndani, ulimi juu, bizimu ndogo ya kiatu cha mtoto upande wa shavu la kushoto. Ilimkaa vizuri mpaka nikajipongeza.

Nyambura hakuweza kuifunga. Bizimu inataka mikono miwili, mmoja uvute na mwingine uchomeke. Alijaribu alasiri nzima kwa mkono wa kushoto na meno, halta ikiwa mapajani. Mwisho nilinyoosha mkono.

"Anti," akasema polepole, "nikitaka mtu anifungie, nitasema."

Nikarudisha mkono wangu, nikaukalia.

Nikajaribu velkro, ile tepu inayoshikana yenyewe. Kufunga kulikuwa rahisi. Lakini siku ya kuivua ilitoa ule mlio wake, krrrrr, karibu na sikio la Tosha, na Tosha akavuka ua kwa miruko mitatu. Hakutukaribia siku mbili. Nikajaribu ndoano ya mkoba, akaifungua kwa kujisugua kwenye gurudumu. Nikajaribu kifungo cha kubonyeza, Nyambura akakibonyeza, lakini ilibidi asukume shavu la mtoto kwa kidole gumba, na hilo hatukulipenda sote watatu.

Nilikwenda Kabiria kumwonyesha Mzee Kinuthia aibu zangu zote ndani ya mfuko mmoja, ndizo hizo, Wekesa, zilizo nyuma ya mlango. Alikuwa amezeeka sana, na ilikuwa baridi ya Julai. Alikaa kibandani na koti zito la mitumba, lile lenye vifungo vya vijiti vya mbao vinavyopita ndani ya kitanzi cha kamba. Alizigeuza halta zangu moja moja. Mimi nilikuwa natazama kifua chake.

"Mzee, hilo koti unalifunga vipi asubuhi?"

"Kwa mkono huu. Huu mwingine unashika bakora."

Tulitazamana. Akachukua kisu akakata kifungo cha juu, akanipa. Akafikiri kidogo, akakata cha pili. "Hicho ni cha akiba." Baridi yote ile alikaa na koti lililofungwa kwa kamba ya katani, na hakukubali nimtafutie lingine.

Kijiti kile kilikuwa laini kama kokwa la zambarau. Nilikishonea kwenye ncha ya mkanda wa juu, na kwenye shavu nikaweka kitanzi cha ngozi kilicho wazi kidogo. Unapitisha mkanda nyuma ya masikio, kijiti kinaingia kitanzini, kinalala. Hakuna mlio wala kusukumana. Nyambura alikifunga mara ya kwanza, akakifungua, akakifunga tena, akaendelea hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Lakini ufundi uliobaki ni wake, nami sikuchangia chochote. Aliniambia nifanye mkanda wa pua kuwa mgumu, ngozi mbili zilizobandikwa, ili usimame wazi wenyewe kama ukingo wa bakuli. Akaulaza mapajani, akaweka kipande cha karoti nyuma yake. Tosha alipotaka karoti ilibidi atie pua ndani ya mkanda kwanza. Baada ya wiki mbili karoti haikuhitajika. Nyambura aliinua halta, na yule mtoto alikuja mwenyewe akatumbukiza pua. Nimewavisha farasi maisha yangu yote. Yule ndiye wa kwanza niliyemwona akijivisha.

Kuongoza nako walijifunza. Mtoto wa farasi havutwi kichwa, maana akivutwa mbele atakaa nyuma. Unamwekea kamba laini kiunoni inayomsukuma taratibu kutoka nyuma, na kichwani unashika tu. Kwa kiti ilikuwa kinyume kidogo, kiti kikienda yeye alikwenda. Uani walizunguka pamoja, kwato na magurudumu, na Mama Nyambura akaanza kunywa chai yake nje.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Wiki moja ulimi wa halta ulikuwa umekatika mara mbili, Tosha akicheza tu. Nilichoka kushona. Mara ya tatu niliushona mara mbili unene wake. Na siku iliyofuata, walipokuwa wakizunguka uani, nilimwona Nyambura ameizungusha kamba kwenye mkono wa kiti ili mkono wake upumzike. Niliona. Walikuwa wakipendeza sana, nikanyamaza.

Bodaboda mmoja alipita nyuma ya ua, ekzosi ya pikipiki yake ikalipuka kama risasi. Tosha alikimbia. Kamba ikakaza, ulimi haukukatika, kiti kikapinduka. Nyambura alianguka kifudifudi kwenye matope karibu na bomba, na Tosha akakiburuta kiti kitupu hatua kadhaa mpaka kikanasa kwenye uzio. Nilikimbia. Nilipomgeuza Nyambura alikuwa na damu mdomoni na matope machoni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Angalia miguu yake, Anti. Amejiumiza?"

Mama Nyambura alikuwa ameona yote kutoka jikoni. Hakupiga kelele. Alimuosha mtoto wake uso, akamlaza, akatoka nje akaniambia kwamba kuna mtu wa Ngong aliyekuwa ameuliza habari za farasi wadogo, na kwamba atampigia.

Pazia likafungwa tena.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu nilivua viatu vya zizi nikaingia jikoni. Mama Nyambura alikuwa akiambua minji, yaani njegere, mezani.

"Mama, kosa ni langu. Ulimi niliushona nene kwa uvivu. Na kamba niliiona imezungushwa. Sikusema."

Aliendelea kuambua. "Kwa nini hukusema?"

"Walikuwa wanapendeza."

Akaacha. Mikono yake ilikuwa mezani, ganda la minji limebaki kati ya vidole. "Jerida, nusu ya huyu mtoto ilibaki barabarani. Hii nusu nimerudishiwa, siachii farasi. Hata awe mdogo kama paka."

"Naelewa, Mama."

"Huelewi. Watoto wako watatu wanatembea."

Alisukuma bakuli upande wangu. "Keti uambue." Nikaketi nikaambua. Tulimaliza gunia dogo zima. Mwishowe akasema, akiwa anatazama minji, "Jana usiku nilimpelekea uji. Alisema asante. Juzi alisema asante. Tangu arudi hospitalini anashukuru kama mgeni." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Kule uani alikuwa anaongea na yule mnyama. Nilikuwa nasikia. Mwezi mmoja sitampigia yule wa Ngong, Jerida. Halafu nione kwa macho yangu akimvisha na kumwongoza. Siku hiyo mtu asimshikie, wewe usimshikie."

Nyambura alirudi uani, nami mwezi ule nilishona kama sijawahi kushona. Ulimi ulirudi kuwa mwembamba, na wa pili nikauweka kwenye kamba yenyewe. Kamba ikapewa mpini mpana wa ngozi unaolala kwenye kiganja bila kuzungushwa popote, ukifungua vidole unaanguka. Tulimfundisha Tosha kwamba kamba ikianguka chini ni kusimama. Tulimzoesha sufuria, mifuko ya nailoni, mwavuli, na siku moja nikamlipa mtu wa bodaboda soda ili apite nyuma ya ua kwa makelele mara kumi. Alifika mara kumi na tano, alikuwa ameanza kufurahia. Siku ya mwisho Tosha alirusha masikio tu, akaendelea kumtafuna Nyambura mkono wa sweta.

Siku yenyewe ilifika, Jumamosi, wanafunzi wameshaondoka. Mama Nyambura alisimama kando ya bomba amekunja mikono. Nyambura alijisukuma mpaka katikati ya malisho, akaweka halta mapajani, akaita.

Tosha aliinua kichwa, akamtazama, akarudia nyasi.

Akaita tena. Hakuja. Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Mama Nyambura alikuwa akinitazama mimi tena, nami nilitazama kwato zangu, yaani viatu vyangu. Nyambura hakuita mara ya tatu. Alikigeuza kiti akampa Tosha mgongo, kama mtu aliyekuja kuangalia mandhari. Nami nilikumbuka kwamba huyu alifundisha farasi kabla ajali haijamfundisha yeye.

Tosha alitafuna. Akasimama kutafuna. Akatembea, polepole, akazunguka kiti mpaka mbele, akatazama kilicho mapajani, akatumbukiza pua.

Mkanda ukapita nyuma ya masikio. Kijiti kikaingia kitanzini. Nyambura akamkuna paji la uso, akaweka mpini kwenye kiganja cha kulia, wakazunguka malisho mara mbili, wakasimama, wakarudi nyuma hatua tatu, wakaja mpaka tulipokuwa. Nilidhani yameisha. Nikapumua.

"Nifungulieni geti," Nyambura akasema.

"Unaenda wapi?" mama yake akauliza.

"Dukani. Mkate umeisha."

Tangu ajali hakuwa ametoka getini isipokuwa ndani ya gari la hospitali. Mama Nyambura akaenda mwenyewe akaliburuta geti lile zito mpaka mwisho. Wakapita. Mimi nilianza kuwafuata, ni mguu tu uliokwenda wenyewe, lakini Mama Nyambura aliishika sweta yangu kwa nyuma.

"Wacha."

Tulisimama getini tukitazama barabara ya udongo wa murram. Walikwenda kando, kwa mwendo wa kwato ndogo, wakikwepa mashimo. Mbele ya duka palikuwa na vijana wa bodaboda wamekaa kwenye pikipiki zao. Mmoja aliinuka.

"Sista, niaje! Hiyo ni farasi ama ni mbuzi?"

Sauti ya Nyambura ilitufikia vizuri kabisa, kavu, kama zamani akiwa juu ya tandiko.

"Hii ni farasi. Mbuzi ni wewe."

Vijana wakaangua kicheko, na Tosha akasimama kwa heshima mpaka wamalize. Ule mkono ukaiachia sweta yangu. Nilipogeuka Mama Nyambura alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja, machozi yakimwingia mdomoni.

"Umesikia matusi ya huyo mtoto?" akaniambia. "Umesikia, Jerida?"

"Nimesikia, Mama."

"Miaka miwili hajamtukana mtu."